Mchagua Jembe

Mchagua jembe si mkulima, najua.
Lakini aliyesema hivyo hakupasuliwa bega,
wala hakusimama mbele ya Orrin Maddox asubuhi ya Oktoba
na dola mia saba za kuuza ndama,
bunduki tatu zimelazwa juu ya blanketi kati yetu.

Mia mbili na sabini: risasi nyembamba, ina mbio,
hupita bondeni kama mtu asiye na deni.
Mia tatu na nane: fupi, tiifu,
risasi zake huuzwa hata penye petroli na maziwa.
Ya tatu sikuhitaji kutajiwa.
Thelathini-sifuri-sita. Ya baba.
Si ile yenyewe, ile ilikwenda Spokane na kaka yangu Leif
baada ya mazishi, pamoja na trela na friji ya nyama,
ila tumbo ni moja.

"Nataka moja tu," nilisema. "Moja kwa wote.
Swala wa nyika anayesimama mbali kama nukta,
ayala wa kwenye mashamba ya ngano,
wapiti, na dubu, Mungu apishe mbali."
Orrin akanitazama kama fundi
aliyeombwa kiatu kimoja cha harusi, zizi na matanga.

Kisha akaanza hesabu zake:
gramu tisa, gramu kumi na moja na nusu,
risasi hushuka kiasi gani ikifika yadi mia tatu,
upepo wa ubavuni huisukuma wapi.
Akachora kwenye mfuko wa karatasi mistari mitatu
inayolegea kama nyaya za simu baada ya theluji.
Niliitikia kama ninavyoitikia kanisani,
nikiwaza kingine.

Nilikuwa Kijito cha Lodgepole, mwaka juzi,
wapiti jike amesimama ubavu, hatua mia na hamsini,
shabaha ya mtoto.
Baba alizoea kusema: kubwa husamehe.
Nayo ilikuwa na teke, ile bunduki, teke la punda,
na mwili haufundishwi mara mbili.
Jicho langu lilifumba kabla ya mlio.
Akaruka, akakunja mgongo, akaingia kwenye misonobari.
Damu: tone. Hatua kumi. Tone.
Halafu theluji.
Siku mbili nilitafuta, nikipiga magoti kama mtu aliyeangusha pete.
Siku ya tatu kunguru walizunguka ng'ambo ya genge,
mahali ambapo mguu wa binadamu haufiki.
Wao walijua.
Fomu ya leseni haina mstari wa kuandika hilo.

"Ijaribu begani," Orrin akasema.
Nikaichukua ya tatu. Nyumbani, chini ya ngazi,
zipo boksi kumi na tisa za risasi zake,
mwandiko wa baba kwenye kila kifuniko,
tarehe na kipimo cha baruti.
Akili yote ya pesa ilikuwa upande wake.
Haikuwa na risasi. Tulikuwa ndani ya duka.
Kope ikatetemeka.

Orrin aliiona. Hakusema neno, namshukuru hadi leo.
Akainama chini ya kaunta, akatoa ya nne,
milimita saba, sifuri-nane, kitako kimechubuka,
ya mkewe Coralie, ambaye sasa magoti yamemkatalia mlima.
"Wanaume wa hapa huiita ya watoto," akasema,
akatazama pembeni.

Nyuma ya duka kuna korongo la changarawe.
Karatasi ilitundikwa kwenye ubao, yadi mia.
Nikalala kifudifudi kwenye baridi,
nikavuta pumzi, nikaiachia nusu.
Mlio ukaja, bega likasukumwa kama mtu anayeombwa apishe,
na ndani ya darubini, miaka arobaini nikiwinda,
kwa mara ya kwanza nikaliona tundu
likizaliwa.

Nilimlipa mia sita na arobaini.
Boksi za baba nitampelekea Leif, akizitaka.
Kwa swala nitasogea, nitambae ikibidi.
Kwa wapiti nitangoja ubavu.
Na dubu,
dubu nitampisha njia.